Michezo Midogo na Daftari la Mwenzangu

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, na mwanachama mmoja ambaye ni ofisa katika utumishi wa Serikali. Inachapishwa hapa kwa maombi ya wanachama wengi.)



Katibu wetu aliponiandikia niseme machache leo, alinitaka nizungumzie utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba habari za majalada hazimpendezi mtu aliyetoka kula pilau. Nikamwomba ruhusa nizungumzie jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu, nalo ni michezo ya kompyuta ambayo mimi na mwenzangu tuliitengeneza tulipokuwa wanafunzi Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kati ya mwaka 2002 na mwaka 2005. Huenda wengine mkaona ni mambo ya kitoto. Nawaomba mnivumilie, maana ndani yake mna deni.

Mwenzangu huyo tulisoma naye hapa hapa. Tulilala bweni moja, tukaamshwa na kipande kile kile cha reli kilichokuwa kikigongwa alfajiri, na tukakimbia mchakamchaka pamoja. Jina lake sitalitaja. Nilimwomba ruhusa ya kusema habari hizi, naye alinipa kwa masharti mawili: nisimtaje, na nisimfanye mtu wa kuonewa huruma. Wengi wenu mtamtambua kabla sijafika mbali. Nawasihi msigeuke kumtazama.

Tulimaliza Kidato cha Sita mwaka 2002, na mwaka huo huo tukachaguliwa kusomea sayansi ya kompyuta. Nataka vijana wafahamu hali ilivyokuwa. Mimi kompyuta nilikuwa nimeigusa mara mbili tu maishani, na mara zote mbili katika ofisi ya mtu mwingine. Mwenzangu hakuwa ameigusa kabisa. Pale Chuoni tulikuta chumba cha mashine ambamo wanafunzi tulikuwa wengi kuliko viti, kila mtu akisubiri zamu yake, na kazi zetu tukizihifadhi katika vile visahani bapa vya disketi vyenye nafasi ya megabaiti 1.44. Disketi ilikuwa kama yai. Ukiikalia, imekwisha. Ukiiacha juani, imekwisha. Wakati mwingine hukuifanya lolote, nayo imekwisha.

Lugha ya kwanza tuliyofundishwa kuiandikia programu ilikuwa Pascal. Mwalimu alitupa zoezi la kupanga majina kwa alfabeti. Tulilifanya, lakini halikutuchangamsha. Jioni moja mwenzangu akaniuliza kama mashine hii haiwezi kucheza. Nikamwambia tujaribu.

Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa wa kubahatisha namba. Mashine inachagua namba kati ya 1 na 100, nawe unakisia. Ukikosea inakwambia panda au shuka. Programu nzima haikufika mistari 30. Tuliimaliza usiku mmoja na kujiona wataalamu. Tukamwita jirani yetu wa hosteli aje ajaribu, akapata namba baada ya kukisia mara sita. Kesho yake akaja tena, akapata kwa mara moja. Keshokutwa, mara moja tena. Tulidhani ni mganga. Kumbe katika lugha ile, mashine isipoagizwa kwanza kuchanganya bahati zake, kila programu inapoanza huchagua namba zile zile kwa mfuatano ule ule. Amri yenyewe ni neno moja tu, nasi hatukuliandika. Jirani hakuwa mganga. Alikuwa na kumbukumbu nzuri tu.

Ndugu Mwenyekiti, nilijifunza kwa neno lile moja zaidi ya nilivyojifunza katika mihadhara ya mwezi mzima. Zoezi la darasani likiwa na kosa, anayeliona ni mwalimu. Mchezo ukiwa na kosa, rafiki yako analiona na kukucheka, na usiku huo hulali mpaka umelipata.

Mchezo wa pili ulikuwa wa nyoka. Wakati huo kila aliyekuwa na uwezo kidogo pale hosteli alikuwa na simu ya Nokia, na ndani yake mna nyoka anayekula na kurefuka. Mchezo ule aliutengeneza Mfini mmoja, Taneli Armanto, kwa ajili ya simu ya Nokia 6110 iliyotoka mwaka 1997, na nadhani umechezwa katika daladala za Dar es Salaam kuliko mahali pengine popote duniani. Tukaona na sisi tutengeneze wetu. Tulianza kwa kumsogeza nyoka pingili moja moja, kutoka kichwani hadi mkiani, na kadiri alivyorefuka ndivyo alivyozidi kuwa mzito kama trekta. Siku tatu tulihangaika. Ndipo mwenzangu, tukiwa kwenye foleni ya chakula, akasema: "Mwili wa nyoka hausogei. Kinachobadilika ni kichwa na mkia tu." Alikuwa amesema kweli. Unafuta pingili ya mwisho, unachora moja mpya mbele, basi, nyoka ametembea. Awe na pingili 5 au 500, kazi ni ile ile.

Nyoka yule alitembea vizuri katika mashine kuukuu. Zikaja mashine mpya, zenye kasi, tukazikimbilia na disketi yetu. Programu ikakataa hata kuanza. Ilitoa ujumbe kwamba tumegawanya kwa sifuri, na sisi hatukuwa tumegawanya kitu chochote. Tuliikagua mstari kwa mstari, tukalaumiana, karibu tugombane. Baadaye tukaambiwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwamba kosa halikuwa letu. Lilikuwa katika kifurushi cha amri za Pascal yenyewe, ambacho programu inapoanza hupima kasi ya mashine, na waliokitunga hawakutazamia mashine za kasi namna ile. Nawaombeni mlikumbuke jambo hili, la kutafuta kosa kwako wakati kosa si lako, kwa maana nitalirudia.

Baada ya hapo kiburi kikatuingia. Tukaamua kutengeneza mchezo wa mpira wa miguu, Simba na Yanga, wachezaji 22, mwamuzi, na watazamaji wakishangilia. Tulifanya kazi miezi miwili. Mwisho wake tulikuwa na uwanja wa kijani, mistari myeupe iliyonyooka vizuri, na mpira mmoja uliokuwa ukipita katikati ya tumbo la kipa bila kumdhuru. Tukauacha. Vijana, sikilizeni: nyoka yule mdogo tuliyemmaliza alitufunza mengi. Mpira ule mkubwa ambao hatukuumaliza ulitufunza jambo moja tu, kwamba heri kidogo kilichokwisha. Mrusi Alexey Pajitnov alipoutunga mchezo wa Tetris huko Moscow mwaka 1984, mashine yake haikuweza kuchora picha hata moja. Vile vipande vinavyoanguka alivionyesha kwa alama za mabano, kama zile za kwenye taipureta. Hakusubiri apate mashine bora. Alimaliza mchezo wake kwa mabano, nao ukaizunguka dunia.

Sasa nakuja kwenye bao.

Wazo lilikuwa la mwenzangu. Amekulia katika nyumba ambayo babu yake alikuwa mchezaji wa bao anayeogopwa, na ninyi mnaokumbuka mwembe ulio nyuma ya jiko letu mtakumbuka pia ni nani aliyekuwa akiwafunga walimu pale siku za Jumapili. Alisema: "Mchezo wa nyoka ni wa Mfini. Mabano ni ya Mrusi. Sisi tuna wetu, na hauhitaji picha. Unahitaji mashimo na namba." Ilikuwa kweli. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila shimo kwa mashine ni namba tu, na kusambaza kete ni kujumlisha moja moja. Tulihesabu kwamba tungeumaliza kwa wiki mbili.

Ndugu zangu, haukwisha kwa wiki mbili. Anayedhani bao ni mchezo rahisi ni yule ambaye hajawahi kuueleza kwa kitu kisichojua lolote. Kuanza si kugumu: nyumba ina kete 6, mashimo mawili yanayofuata yana kete mbili mbili, na kila mchezaji ana kete 22 mkononi. Lakini sasa mchezaji akila, kete zianzie wapi? Akila kwenye kimbi, lazima zianzie kichwa cha upande ule ule. Akila katikati, anachagua. Akiwa tayari yumo mwendoni, hawezi kugeuka. Akifika nyumbani kwake mwenyewe, je, analala au anasafiri? Na kete za mkononi zikiisha, sheria zinabadilika, unaingia kwenye mtaji. Mimi nilikuwa nikicheza bao kwa kukisia. Mwenzangu alilijua, lakini alilijua kwa mikono. Nilipomwuliza sheria alikuwa akinyamaza, kisha anasogeza vidole hewani.

Ndipo akaanza kwenda kwa wazee. Palikuwa na kijiwe cha bao upande wa Mwenge, na kila jioni baada ya masomo alikwenda huko na kaunta buku lake. Hatukuwa na kompyuta ya kubeba, hivyo alibuni njia yake. Anachora mashimo 32 katika ukurasa, anaandika namba ya kete katika kila shimo, kisha anampangia mzee hali ile ile kwenye ubao na kumwomba acheze. Mzee akishacheza, yeye anaandika matokeo yake, shimo kwa shimo, na chini yake maneno ya mzee. Usiku tunaipa mashine hali ile ile na kutazama kama inafika alikofika mzee. Isipofika, tunajua sheria fulani hatujaielewa.

Hali hizo zilifika 40. Nakumbuka moja ambayo programu yetu ilikuwa ikiisafirisha nyumba kila mara bila kumwuliza mwenye nyumba. Alipomweleza mzee, mzee akacheka sana, akasema: "Hiyo mashine yenu haina adabu. Nyumba ni ya mtu. Mwulize kwanza." Mwenzangu akayaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Hivi sasa, kila ninapopitisha ofisini barua ya kumhamisha mwananchi mahali pake, maneno ya mzee yule hunijia.

Ikawa mwaka wa pili, mwezi wa Mei 2004, mitihani iko mlangoni. Programu yetu ilikuwa karibu kukamilika. Ili kuijaribu, tuliiagiza ijipangie kete yenyewe kwa bahati na kucheza hali nyingi mfululizo usiku kucha. Asubuhi tulikuta imeganda. Haikuwa imetoa ujumbe wala kosa lolote. Ilikuwa inasambaza kete katika safu mbili za mchezaji mmoja, inazunguka, inaokota, inasambaza tena, bila kusimama. Tukaizima, tukaanza upya, ikafika kwenye hali ile ile na kuganda tena.

Sasa nifike mahali pagumu. Mimi, nilipoona mitihani inakaribia, nilifunga disketi mfukoni na kwenda kusoma. Hilo si kosa. Kosa ni nililomwambia yeye. Nilimwambia: "Kosa liko kwenye sheria, na mwenye sheria ni wewe. Litafute, maana mimi bao silijui." Nilisema hivyo kwa wepesi tu, kama mtu anavyomwachia mwenzake vyombo avioshe. Lakini nilimfahamu tangu bwenini. Nilijua kwamba ukimwambia mtu yule kosa ni lake, hatakula wala hatalala.

Alilitafuta kwa wiki tatu. Alikagua hali zote 40. Alirudi kwa wazee. Alikuwa akija chumbani usiku wa manane, macho mekundu, na kunikuta nimekwisha lala na notsi zangu kifuani. Matokeo yalipotoka, mimi nilikuwa nimefaulu. Yeye alikuwa ameanguka masomo kadhaa, na mitihani ya marudio haikumwokoa. Aliondolewa masomoni; wanafunzi wakati ule walikuita kudisko. Alifunga sanduku lake siku ya Jumamosi. Kaunta buku aliniachia mezani, akasema huenda nikalihitaji.

Nililihitaji. Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na mradi wake, nami niliandika mradi wa bao. Programu niliiandika upya kwa lugha ya Java, na kila mstari niliuandika kwa vidole vyangu. Hicho ndicho nilichojiambia miaka mingi: kila mstari ni wangu. Ni kweli. Lakini programu haikuwa mistari ile. Programu ilikuwa zile hali 40, na kimbi na kichwa, na nyumba kulala au kusafiri. Hayo yote yalitoka katika daftari la mtu mwingine. Nilipofikia ule mwendo usiokoma, nilifungua kurasa za mwisho za daftari ambazo sikuwa nimezisoma. Nikakuta ameunakili mwendo mzima kwa mkono, mpango baada ya mpango, mpaka mahali ambapo mpango aliokwisha kuuandika ulijitokeza tena vile vile. Alikuwa ameizungushia duara mipango hiyo miwili. Chini aliandika: "Haina mwisho. Si kosa letu."

Niwaeleze maana yake. Kete zina idadi, na mashimo yana idadi. Hata njia za kuzipanga ziwe nyingi namna gani, zina ukomo. Mwendo usiosimama lazima siku moja uufikie mpango uliokwisha kupita, na ukiufikia katika shimo lile lile, hauna namna ila kufuata njia ile ile tena na tena, milele. Mwenzangu alikuwa ameligundua hilo kwa kalamu. Mwaka 2006, baada ya sisi kuondoka Chuoni, wataalamu wa Uholanzi walitoa makala katika jarida la kimataifa la michezo ya kompyuta, wakaonyesha kwamba kweli katika bao ipo miendo isiyokoma. Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Yule nyoka wetu aliyekataa mashine mpya alikuwa ametuonya, lakini hatukusikia. Mwenzangu alipoteza digrii yake akitafuta kosa ambalo halikuwako, kwa sababu mimi nilimwambia liko kwake.

Katika mradi wangu niliweka sheria fupi: mwendo ukipita kiasi fulani, programu iusimamishe. Nikaeleza sababu yake kwa ufasaha, duara na yote, kana kwamba nimeiwaza mimi. Ukurasa wa shukrani niliwashukuru Mwenyezi Mungu, wazazi wangu, na mhadhiri msimamizi. Jina la mwenzangu halikuwamo. Nilipata alama ya juu.

Na hayakuishia hapo. Mwaka 2006 niliitwa kwenye usaili wa kazi Serikalini. Mzee mmoja katika jopo aliona neno bao katika karatasi zangu, akaondoa miwani, akaniuliza: "Hiyo mashine yako, ikifika nyumbani inafanyaje?" Nikamjibu kwamba nyumba ni ya mtu, lazima aulizwe kwanza. Mzee akacheka na kuwatazama wenzake. Kazi nikapata. Ndugu Mwenyekiti, mshahara ninaoula mpaka leo ulianza kwa maneno ya mzee wa Mwenge, yaliyoandikwa kwa kalamu ya mtu aliyekuwa wakati huo akitengeneza redio kwenye kibaraza cha duka la mjomba wake.

Hapa nitimize sharti lake la pili. Mwenzangu hakupotea. Kutoka redio aliingia kwenye simu, akasoma stashahada ya ufundi kwa fedha zake mwenyewe, na leo ana duka la matengenezo lenye vijana watatu anaowafundisha kazi. Ananizidi kwa nyumba, na kwa afya ananizidi mbali. Sisemi habari hizi ili mumhurumie. Nazisema kwa sababu mimi ndiye ninayezidaiwa.

Tulikutana mwaka 2019 kwenye mazishi ya mwalimu wetu wa hisabati. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Nilikuwa nimejiandaa moyoni kwa lawama. Hakunilaumu. Tulipokuwa tukiagana aliniuliza: "Daftari langu bado unalo?" Nikasema ninalo. Akasema, "Vizuri. Nilifikiri limetupwa," akaenda zake. Swali hilo limenikaa miaka yote hii, na ndilo lililoniletea hotuba hii.

Daftari nimelirudisha jana jioni. Mimi nimebaki na nakala ya kurasa zake, aliyoniruhusu kupiga. Ile programu ya bao nimeitafutia mashine ya kuifungua, na ukurasa wake wa mwanzo nimeurekebisha. Una majina mawili, na lake liko juu, na chini ya majina hayo pameandikwa wazee wa kijiwe cha Mwenge. Nimeandika pia barua kwa idara tuliyosoma kueleza habari za mradi ule. Sijui watafanya nini nayo, na lolote watakaloamua nitalipokea.

Sasa neno kwa vijana. Wako wazazi watakaowaambia kwamba kutengeneza michezo ni kupoteza wakati. Baba yangu aliniuliza: "Serikali inakulipia ukacheze?" Sikuwa na jibu wakati ule. Leo ningemjibu kwamba hapakuwa na somo lililonikaza akili kama lile. Mchezo mdogo unakulazimisha ujue sheria zako zote, maana mashine haina aibu ya kukuonyesha usiyoyajua. Ninyi mna bahati kuliko sisi. Programu ya Scratch, iliyotoka mwaka 2007, ni ya bure, na hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ipo Godot kwa waliopiga hatua, nayo haiuzwi. Hamna haja ya disketi.

Lakini nawapa masharti matatu, na ninyi mtayaona ni madogo. La kwanza, anzeni na mchezo mnaoweza kuumaliza kwa wiki moja, na muumalize. Simba na Yanga itangoja. La pili, mtakapotaka sheria za mchezo au za jambo lolote, nendeni kwa anayezijua kwa mikono, mumkalie kitako, na muandike maneno yake kama alivyosema. La tatu, kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu, andikeni majina ya wote wanaofanya kazi hiyo. Majina yaandikwe mwanzoni, wakati bado hakuna sifa ya kugombania. Mwishoni, sifa zikiisha kuja, mkono unakuwa mzito. Nalisema hilo nikiwa shahidi wa mkono wangu mwenyewe.

Na mwenzenu akikwama, msimwambie "kosa ni lako" halafu mkaenda kulala. Kaeni naye hata saa moja. Huenda ikatosha kuona kwamba kosa halipo.

Wenzangu wa makamo, tulioko maofisini, kwetu mambo ni yale yale. Taarifa ngapi zimepanda juu zikiwa na saini zetu, na hesabu zake zilifanywa na kijana wa chumba cha nyuma ambaye jina lake halikufika hata kwenye nakala? Kila mmoja atazame jalada lake.

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule amekubali kwamba kuanzia muhula ujao nije hapa Jumamosi moja kila mwezi kuwasaidia vijana wanaotaka kutengeneza michezo yao. Na nina furaha kusema kwamba sitakuja peke yangu. Bao nitalifundisha vibaya, kama mlivyosikia. Yupo anayelijua, amekubali kuja, na safari hii jina lake litakuwa ubaoni tangu siku ya kwanza.